Fundi Anayeangalia Mkono Wake

4 Machi

Binti yangu mpendwa,

Kosa wanalofanya watu wengi mbele ya mashine za mazoezi ni kudhani kwamba alama zinazotokea ni alama za mkono. Sivyo. Ni alama za mkono, na macho, na kiti, na usingizi wa jana, na jinsi picha ilivyowekwa mbele ya mgonjwa. Mashine inavichanganya vyote hivyo na kukupa namba moja, nawe unaisoma kana kwamba imetoka kwenye vidole peke yake.

Nakueleza hivi kwa sababu barua yako imenifika jana, nikaisoma nimekaa, kisha nikaisoma tena nimesimama. Unasema baba yako, mdogo wangu, alikuwa anaendelea vizuri tangu kiharusi kilipompiga upande wa kulia, kisha ghafla alama zake zikaporomoka. Unasema mtaalamu wa viungo atakuwa na kikao cha tathmini mwisho wa mwezi huu, na kama namba hazijapanda ataacha kuushughulikia mkono wa kulia, amfundishe kuishi na wa kushoto. Na unasema baba yako amekubali kabla hata ya kuulizwa, na ameanza kutafuta mtu wa kumwachia chumba chake cha ushonaji.

Kwanza niondolee hofu. Je, mdomo wake umepinda upya? Maneno yanamkwama? Mguu umekuwa mzito zaidi? Kama lolote kati ya hayo lipo, weka barua hii chini umpeleke hospitali sasa hivi, tutaandikiana baadaye.

Kama hakuna, basi nina swali la pili. Mkono unaodhoofika polepole huwa na sababu zake. Mkono unaoshuka ghafla huku mtu akiendelea kula, kutembea na kugombana kama kawaida hunifanya niulize ni kitu gani kilichobadilika chumbani. Nimefundisha tiba ya viungo kwa miaka mingi, na nimejifunza kuiuliza samani kabla ya kumlaumu mgonjwa.

Omba ruhusa uingie naye siku moja. Usiuangalie mkono wake. Mwangalie macho. Kisha niandikie anaangalia wapi.

Najua ungependa kunipigia simu, lakini masikio yangu na simu vimeshaachana, na vimeachana kwa amani.

Shangazi yako

*

11 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mdomo haujapinda, mguu uko vilevile, na maneno hayamkwami hata kidogo, hasa ya kunikaripia. Kwa hiyo pumua.

Niliomba ruhusa kazini nikaingia naye. Chumba ni kidogo, kina dirisha moja na mashine mbili. Mashine yenyewe ni kama mkono wa chuma uliofungwa mezani, na mwisho wake kuna mpini. Mgonjwa anashika mpini. Kwenye skrini iliyosimama mbele yake kuna rafu na vikombe, na kiganja kimoja cha kuchora kinachofuata mkono wake. Anatakiwa avichukue vikombe avipange rafuni. Cha ajabu ni kwamba ukikigusa kikombe, mpini unakurudishia nguvu, unakisikia kabisa. Kikombe kilichojaa ni kizito kuliko kitupu. Ukigonga rafu, mkono unakwama kweli. Mtaalamu aliniruhusu nijaribu nikapiga kelele.

Kwenye mashine ya pili anakaa mzee mmoja ambaye wote wanamwita Kreni, kwa sababu ndiyo kazi aliyokuwa anaifanya, kuendesha kreni kwenye majengo. Naye ana kiharusi, alianza nyuma ya Baba, sasa amempita mbali. Na hanyamazi.

"Fundi, hicho kikombe unakichukua au unakichumbia?"

"Wewe pakua mizigo yako, niache."

"Nakuachaje na wewe unavunja vyombo vya serikali?"

Baba alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha adabu tu. Nilikijua.

Sasa macho. Shangazi, haangalii skrini! Anaitazama kidogo, halafu kila mkono ukianza kwenda, macho yanashuka mezani, kwenye vidole vyake. Kule juu kikombe kinaanguka, yeye hata hajui. Mtaalamu anamwambia, "Mzee, angalia mbele." Anainua kichwa. Mkono ukisogea tu, kichwa kinashuka tena. Nilihesabu hadi nikachoka.

Nilimuuliza mtaalamu kama ilikuwa hivi tangu mwanzo. Akasema hapana, mwanzoni Baba alikuwa anatumia ile miwani mikubwa inayofunika macho yote, ambayo ukiivaa unajiona umo ndani ya chumba chenye rafu. Alikuwa anafanya vizuri sana nayo. Halafu akahamia skrini. Jioni nilimuuliza Baba kwa nini. Akasema miwani ni chache, wamepewa wengine.

Je, ni kwa sababu hiyo? Au mkono umeisha kweli na sisi tunatafuta visingizio? Niambie ukweli, mimi si mtoto tena.

Binti yako

*

16 Machi

Binti yangu,

Wewe ungefaa kuwa mwanafunzi wangu. Umeona kitu ambacho wataalamu wenye haraka hupitwa nacho kila siku.

Fanya jaribio hili. Chukua kalamu, weka karatasi mezani, kisha simamisha kioo mbele yako na uzuie karatasi yenyewe isionekane, uione kwenye kioo tu. Sasa chora nyota. Utaona mkono wako mzima kabisa, usio na ugonjwa wowote, unavyogeuka kuwa mkono wa mlevi. Mkono haujaharibika. Macho yapo mahali fulani, mkono upo mahali pengine, na akili inalazimika kutafsiri katikati.

Skrini iliyosimama inadai tafsiri ya namna hiyo, ingawa ni nyepesi zaidi. Baba yako anasukuma mkono mbele kwenye meza, na kikombe kinapanda juu kwenye ukuta. Kwako wewe unayetumia kompyuta kutwa nzima, hilo si jambo. Lakini ubongo uliopigwa na kiharusi una nguvu chache za kugawa, na nguvu inayotumika kutafsiri haifiki kwenye vidole.

Ndani ya miwani mambo ni tofauti. Ile picha ya kiganja inatokea palepale kilipo kiganja chake. Anapokisikia kikombe kwenye mpini, anakiona hapohapo anapokisikia. Mguso na macho vinatoa ushahidi mmoja. Hilo humsaidia mgonjwa wa namna yake.

Na sasa nakuja kwa baba yako hasa. Kumbuka kazi yake. Fundi cherehani hufundishwa siku ya kwanza kabisa kwamba macho hayaondoki penye sindano. Akiangalia pembeni, anashona kidole. Huyu amekaa maisha yake yote macho na vidole vikiwa mahali pamoja, upana wa pindo tu kati yao. Leo unamwambia aangalie ukutani huku mkono ukifanya kazi chini. Hawezi, na si ukaidi. Mwili wake unakumbuka sindano.

Kreni je? Kreni maisha yake yote ameshika mpini hapa huku macho yako juu kule, kwenye mzigo unaoning'inia. Ile skrini ni ofisi yake. Kumlinganisha na baba yako kwenye mashine hiyo ni kumshindanisha mtu nyumbani kwake.

Uliomba ukweli, basi na huu uupokee: alama nzuri za ndani ya miwani nazo si mkono. Zinaweza kumsifia kuliko anavyostahili, kama vile skrini inavyomdhalilisha. Sijui mkono wake uko wapi hasa. Ninachojua ni kwamba yule mtaalamu naye hajui bado, na hapaswi kuukatia tamaa kwa namba za skrini peke yake. Wamrudishie miwani, kisha walinganishe.

Lakini kuna kitu kinanisumbua. Kliniki yenye mashine mbili na wagonjwa wanaopishana kwa saa haikosi miwani ya mtu mmoja. Nimemwandikia baba yako pia. Usimuulize nilichoandika.

Shangazi yako

*

20 Machi

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo usinirudishie barua hii imepigwa wino mwekundu kama ulivyokuwa unafanya.

Umeniuliza miwani iko wapi. Ipo. Inaning'inia kwenye msumari karibu na dirisha. Niliikataa mwenyewe.

Mara za kwanza ilikuwa raha. Nilisahau kwamba mimi ni mgonjwa. Halafu siku moja, katikati ya vikombe, dunia ikaanza kuzunguka. Tumbo likapanda juu. Nikavua miwani, nikasema naenda kujisaidia, nikatapika huko chooni na kujiosha uso. Siku iliyofuata vilevile. Siku ya tatu nikamwambia yule mtaalamu, binti wa watu, kwamba miwani inanibana kichwa, nipe skrini. Akanipa, hakuuliza zaidi. Ni binti mpole.

Nisikilize, Dada. Ile siku nilipoanguka dukani, nilianza hivyohivyo. Dunia ilizunguka kwanza. Kwa hiyo nilijua ni nini kinakuja. Nikisema, watanilaza. Na nikilazwa, yule mtoto ataacha kazi kunikalia kitandani. Tayari ananiogesha mgongo, ananipikia, anaamka kabla ya jua. Ana maisha yake. Juzi nilimsikia akimwambia rafiki yake kwamba hana nafasi ya kwenda popote. Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Kwa hiyo mkono uende. Mtu anaweza kuishi na mmoja. Sitashona, lakini nitajilisha. Nimeshona vya kutosha, nusu ya mtaa huu imevaa mkono wangu.

Usimwambie yeyote. Hasa yeye.

Mdogo wako

*

23 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwandiko wako wa kushoto ni mbaya kidogo tu kuliko ule wa kulia, kwa hiyo hatujapoteza mengi.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Umebeba hofu hiyo peke yako mwezi mzima, huku Kreni akikutania na wewe ukicheka. Pole sana. Pole kweli.

Sasa niache nikueleze jambo moja, maana najua nisipoeleza nitaumwa. Watu wengi hupata kizunguzungu wakivaa miwani ile, hata vijana wenye afya. Macho yanaiambia akili kwamba mwili unasogea. Masikio, ambayo ndani yake kuna kipimo cha mwendo, yanasema mwili umekaa kwenye kiti. Akili ikipata ripoti mbili zinazopingana, inalikasirikia tumbo. Ni kama kusoma gazeti ndani ya gari kwenye barabara yenye kona. Umesema kizunguzungu kilianza ukiwa umevaa, na hukunitajia kingine tangu uache. Kama ni hivyo, mimi naishuku miwani.

Lakini naishuku tu. Niko mbali, sijakupima, na wewe umeshaugua kiharusi. Kizunguzungu cha mtu kama wewe kinapimwa na daktari. Hakiachwi chooni.

Sitamwambia mtu. Siri ni yako. Ila ujue inachofanya hiyo siri. Yule mtaalamu anaona fundi aliyekuwa na alama nzuri, akaacha miwani kwa hiari, kisha akashuka. Hajui kwamba ulikimbia kichefuchefu. Anadhani ameuona mwisho wa mkono wako. Ataufunga kwa nia njema kabisa, kwa sababu umemnyima habari moja.

Na kuhusu binti yako: unataka kumpunguzia mzigo kwa kumwachia baba mwenye mkono mmoja? Hesabu hiyo irudie.

Mwambie mtaalamu. Na ukishamwambia, mwombe kitu kimoja kutoka kwangu. Kati ya miwani na skrini ya kusimama kuna njia ya tatu. Ailaze ile skrini juu ya fremu, kama meza, mkono wako upite chini yake, ili kikombe kionekane pale mkono ulipo. Hutapata kizunguzungu, kwa sababu chumba utakiona pembeni. Na ukiinamisha macho kama fundi, utakuwa unaangalia mahali panapotakiwa. Sina uhakika itakufaa. Ndiyo maana inaitwa kujaribu.

Kikao kiko karibu. Mimi siwezi kusema kwa niaba yako.

Dada yako

*

31 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Jumanne Baba alivaa kofia yake akasema leo tunaenda pamoja. Tulipofika, badala ya kukaa kwenye mashine, alibaki amesimama katikati ya chumba. Akamwambia mtaalamu, "Binti, miwani ile inanitapisha. Nilikuficha. Nilidhani kiharusi kinarudi."

Mtaalamu aliacha alichokuwa anafanya, akavuta kigoda, akakaa. "Mzee wangu, mbona hukuniambia? Kila siku nakuuliza unajisikiaje."

"Nami nakujibu nzuri."

"Kwa nini nzuri?"

"Sasa ungetaka nijibu nini, na huyu hapa anasikiliza?" Akamnyooshea Kreni kidole.

Kreni, Shangazi, kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Alisema tu, "Hata mimi ilinitapisha, Fundi. Unafikiri kwa nini siivai?"

Mtaalamu alimpeleka Baba kwa daktari siku hiyohiyo. Wakampima shinikizo la damu, macho, miguu, wakamtembeza kwenye mstari kama wale wanaokamatwa barabarani. Daktari amesema hakuna dalili ya kiharusi kipya, na kizunguzungu chochote kikija bila miwani arudi mara moja. Baba alitoka pale amenyooka mgongo. Mimi nilikwenda kusimama nje kidogo.

Halafu wakailaza skrini. Fremu aliitengeneza fundi seremala wa kliniki, inayumba, wameiwekea vitabu chini ya mguu mmoja. Kreni akauliza, "Hiyo ni skrini au meza ya chai?" Baba akaingiza mkono chini, akainamisha macho. Vikombe vya kwanza vilianguka. Baadaye akaanza kuviweka. Polepole, lakini anaviweka! Mtaalamu anasema hajafikia alama za miwani, ila ameziacha nyuma kabisa zile za skrini ya kusimama. Kreni naye akataka kujaribu hiyo meza ya chai, akavunja kila kikombe. Baba alimwambia, "Ofisi ya mtu haiingiwi hovyo." Nadhani ameisoma barua yako niliyoiacha mezani.

Kikao kilikuwa jana. Kabla hawajaanza niliomba nizungumze, kwa sababu nami nilikuwa na langu. Mwishoni mwa Februari, kabla sijakuandikia, nilimwambia mtaalamu kwamba sisi nyumbani tungependelea wafundishe mkono wa kushoto. Nilisema "sisi". Baba hakujua. Nilikuwa nimechoka, Shangazi. Nilitaka tu kitu kimoja kiishe. Jana nililifuta neno hilo mbele yake. Baba alinitazama, akasema, "Kumbe tulikuwa wawili."

Mtaalamu hakuangalia alama peke yake. Aliweka kipande cha kitambaa mezani akamwambia Baba akikunje. Alikikunja kikapinda, lakini vidole vilishika. Mkasi haukuwezekana kabisa, hata kuinua. Wameamua mkono wa kulia uendelee kutibiwa miezi mitatu, halafu wautazame tena. Chumba cha ushonaji hakiachwi kwa mtu, angalau kwa sasa.

Niishie hapa. Ni asubuhi, ni siku ya kliniki, na bado sijamvalisha Baba shati na kumfunga vifungo. Tukimngoja ajifunge mwenyewe tutafika kliniki imefungwa.

Nashukuru kwa kila kitu.

Binti yako

*

3 Aprili

Binti yangu,

Barua yako nimeisoma kwa sauti, peke yangu jikoni, na nimecheka pale pa vitabu chini ya fremu. Miezi mitatu ni zawadi nzuri. Si ahadi. Mkasi huenda usirudi, na siku hiyo ikija tutaihuzunikia kama watu wazima. Lakini mtu amepata kupimwa kwa kipimo kinachomfaa, na hilo ndilo tulilokuwa tunapigania.

Kuhusu ulilomwambia mtaalamu kabla hujaniandikia, usijitese. Mtu anayeamka kabla ya jua kila siku ana haki ya kuchoka. Baba yako ameshakujibu, na kwa kumjua, hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa kuhusu mapenzi. Tafuta jirani au ndugu wa kukaa naye Jumamosi, nawe uende unakokwenda. Hilo nalo ni tiba, na ni yako.

Sasa ruhusu mwalimu wako aseme jambo la mwisho. Miwani, skrini ya kusimama, skrini ya kulala, zote ni njia za kuufikisha mkono mlangoni. Mkono haujifunzi vikombe vya kuchora ili uwe bingwa wa vikombe vya kuchora. Unajifunza ili urudi kwenye vitu vilivyo na uzito wao wenyewe, ambapo hakuna anayehesabu alama na hakuna cha kutafsiri, kwa sababu kitu, jicho na kidole viko mahali pamoja kwa asili. Mwisho wa barua yako umenitajia zoezi la namna hiyo, bora kuliko mashine yote, linalotaka kidole gumba na cha shahada vishirikiane, na macho yainame chini palepale. Linafanyika nyumbani mwenu kila asubuhi na kila jioni. Ila anayelifanya ni wewe.

Najua kwa nini. Ni haraka, na ni upendo. Asubuhi muwahi kliniki, sina ugomvi na hilo. Jioni hamuwahi popote. Atachukua muda mrefu, atagombana na kola, na utawashwa vidole kutaka kumsaidia. Vikalie.

Leo akivua shati, usimfungulie vifungo.

Shangazi yako